Veneranda Moreau, Jina Kamili

Veneranda hakuwahi kusema jina lake nusu. Akimpigia simu mtu aliyejuana naye miaka kumi, alianza, "Hapa ni Veneranda Moreau," ndipo salamu zifuate. Akibisha mlango alisema hodi, kisha jina zima, kisha akanyamaza kidogo kama anayesubiri jibu kutoka vyumba vya ndani. Muuza samaki wa Khuwair ya Kusini, hapa Maskati, alilijua jina hilo, na muuza dawa, na madereva wa teksi, ambao aliwatajia jina kwanza na mahali anapokwenda baadaye.

"Tumesikia, Mama Moro," walimjibu wakicheka. "Sasa tukupeleke wapi?"

Jina hilo la mwisho ni la Kifaransa, na hutamkwa Moro. Mwenyewe alikuwa Mtanzania wa pwani ya bara, Mkristo, mweusi wa kung'aa, mfupi, mwenye mwendo wa polepole. Asubuhi alipika katika nyumba ya familia moja ya Kiomani yenye asili ya Unguja. Mchana, kazi za jikoni zikiisha, alishona kofia za viua, ambazo hapa tunaziita kumma. Alitoboa kitambaa vitobo vidogo kwa mamia, akavizungushia uzi kimoja kimoja, na kofia moja ilimchukua mwezi mzima, pengine zaidi. Wanaume wanaojua kofia waliigeuza kofia yake na kuitazama kwa ndani, maana ushoni mzuri hujulikana huko ndani, ambako fundi mvivu huacha mafundo.

Nilijuana naye mwaka 2014. Nafanya kazi katika ofisi ya tafsiri mjini Ruwi, hatua chache kutoka kituo cha mabasi. Tunageuza karatasi za watu ziwe za Kiarabu: vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya talaka, vya shule. Kila karatasi inayopita kwetu tunabaki na nakala yake, na makabati yetu yamejaa majina ya watu waliokuja mji huu wakaondoka, au hawakuondoka. Siku hiyo aliingia mwanamke mwenye mfuko wa nyuzi, akasimama mbele ya meza yangu.

"Hapa ni Veneranda Moreau," alisema. "Sina karatasi ya kutafsiri. Nina swali."

Suud, ambaye meza yake iko kando ya yangu, aliinua kichwa. Suud hawezi kusikia jina la mtu asilitafutie kabila. "Moro? Hao watu wa wapi? Wa mji wa Sur?"

"Wa Ufaransa," Veneranda akamjibu.

"Ufaransa! Na wewe?"

"Na mimi, baba. Unitazame vizuri."

Suud alicheka peke yake. Veneranda alikuwa amekwisha nigeukia mimi. Swali lake lilikuwa hili: katika karatasi zote tulizowahi kuzishika, je, limepita jina la Winifrida Moreau?

Winifrida alikuwa mdogo wake. Mwaka 1996, akiwa na miaka ishirini na miwili, alifuatana na familia moja iliyokuwa ikirudi Maskati, akawa yaya wa watoto wao. Aliandika barua moja. Mwaka wa tatu alipiga simu kwenye ofisi ya parokia yao, akasema amehama nyumba, yuko mzima, na mahali alipo bahari iko karibu. Baada ya hapo hakuna barua wala simu. Mwaka 2001 Veneranda mwenyewe alipata kazi ya upishi, akaja. Alikuwa na miaka thelathini na saba.

"Nilisema mwaka mmoja unanitosha," aliniambia. "Nilidhani Maskati ni mji mdogo."

Alikuwa amekwisha kaa miaka kumi na mitatu aliponiambia hivyo.

Hapo ndipo nilipofahamu ile tabia yake. Kwao pwani, Moreau ni nyumba moja tu. Hawana binamu wa jina hilo, hawana watu wa jina hilo kijiji cha pili. Ukilisikia kwa mtu mweusi, basi ni wao. "Wini akiwa nyuma ya ukuta wowote wa mji huu," alisema, "akilisikia, atatoka nje. Kwa hiyo nalisema."

Tulitafuta kwenye makabati, hatukuona kitu. Suud, ambaye moyo wake ni mzuri kuliko mdomo wake, akamvutia kiti mbele ya kompyuta, akaandika jina. Wakatokea akina Moreau kwa maelfu: madaktari wa meno, mawakili, waendesha baiskeli za mashindano, bibi mmoja aliyefuga mbuzi, vijana waliopiga picha kwenye theluji. Veneranda akavaa miwani yake, akazitazama nyuso zile nyeupe moja baada ya moja, kama mzazi anayemtafuta mwanawe katika picha ya darasa.

"Wote hawa ni Moreau?"

"Wote," nikamwambia. "Kule ni miongoni mwa majina yenye watu wengi kabisa."

"Lahaula! Sikujua kama tuko wengi hivi."

Alisema hivyo kwa utani, lakini nilimwona anavua miwani taratibu. Jina ambalo kwao lilikuwa la nyumba moja, katika mashine lilikuwa la umati, na mtu mmoja mweusi ndani ya umati ule alikuwa kama punje ya mtama ndani ya gunia la mtama.

Baada ya hapo alikuwa akija mara tatu au nne kwa mwaka, kila alipofuata nyuzi Ruwi. Aliuliza swali lake, tukamjibu hapana, tukanywa chai. Mwaka mmoja alikuja mbio, kwa kadiri ya mbio zake. Msichana wa Uganda, Nansubuga, mfanyakazi wa nyumba ya jirani, alikuwa amemsikia mtu akimtaja "Mama Wini" anayekaa Qurayyat, mji wa pwani nje ya Maskati. Ijumaa nikampeleka kwa gari langu. Njiani, alipoona bahari, akasema, "Alisema iko karibu."

Mama Wini wa Qurayyat alikuwa mama mnene wa Mombasa, muuza maandazi, anayeitwa Winnie kwa ubatizo wake. Alipoelezwa sababu ya safari alitushika mikono sote wawili, akatuingiza ndani, akatupikia samaki, akatufungia tende za kurudi nazo. Alitaka kila kitu kisimuliwe tangu mwanzo. Wakati wa kuagana alimwambia Veneranda, "Dada, nisamehe kwa kuwa si mimi." Sijapata kusikia tena mtu akiomba radhi ya namna ile.

Mwezi wa pili mwaka jana Veneranda alikuja na karatasi kwa mara ya kwanza. Aliitoa kwenye mfuko wa nyuzi, ikiwa ndani ya bahasha ya plastiki, akaiweka mezani lakini hakuiachia.

Ilitoka kwa Noel, mdogo wao wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi huko nyumbani. Baba yao, mzee Ildefonce Moreau, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sasa Noel alitaka ukoo uache jina la Moreau, watu wote waitwe kwa jina la baba, Ildefonce, kama majirani zao wanavyofanya. Veneranda ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo sahihi yake ilihitajika. Angeiweka mbele ya afisa wa ubalozi, lakini alitaka kwanza aisome karatasi na mtu, kwa sababu macho yake yalikuwa yamechoshwa na viua.

"Dada Atheer," aliniambia, "wewe umesoma Kifaransa chuoni. Kabla sijaweka sahihi nataka kujua ninaacha kitu gani."

Nilimwomba siku mbili. Nilikuwa na kamusi ya majina ya ukoo ya Kifaransa tangu siku za chuo, moja ya vitabu nilivyonunua nikidhani maisha yangu yataelekea upande mwingine. Aliporudi nilimsomea kwa Kiswahili. Zamani sana, katika Ufaransa ya kabla ya majina kuandikwa, mtu alipewa lakabu na majirani zake, na watoto wake wakairithi. Moreau inatokana na neno lililotumika kwa Wamoor, watu wa Afrika Kaskazini. Lakini wengi walioitwa hivyo hawakuwa Wamoor. Walikuwa wakulima wa palepale, wenye ngozi nyeusinyeusi au nywele nyeusi kuliko wenzao. Hata farasi mweusi wa kung'aa aliitwa kwa neno hilo. Jina likaenea zaidi magharibi na katikati ya nchi, mpaka likawa moja ya majina ya kawaida kabisa.

Veneranda alisikiliza mkono ukiwa shavuni. "Kwa hiyo Moreau wa kwanza aliitwa hivyo kwa kuwa alikuwa mweusi?"

"Mweusi kuliko jirani zake. Pengine alikuwa kama mimi tu."

"Masikini," akasema. "Watu wa kijiji kimoja na bado walimwona wa mbali." Halafu akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega. "Basi sisi ndio wenye jina. Wale wengine wote wameliazima."

Akampigia Noel papo hapo, simu ikiwa juu ya meza ili mimi na Suud tusikie.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Hapa ni Veneranda Moreau."

"Najua dada, nimeona namba."

Akamsimulia yote niliyomsomea. Sauti ya Noel ikaja juu: "Yaani wametuita weusi kwa Kifaransa, na sisi miaka mia na zaidi tunaona fahari! Afadhali hata nisingejua. Dada, lile ni jina la mfadhili. Mtu alikuwa Ulaya, akatuma sadaka, mtoto akakombolewa kwa wauza watumwa, na mtoto akaandikwa jina la mwenye sadaka. Kama kibao cha mfadhili kwenye kisima."

"Baba hakusema hivyo."

"Baba alisema alivyopenda."

Kisa alichokisimulia baba yao kilikuwa kingine, na Veneranda alinieleza baada ya kukata simu. Babu wa baba yao alifikishwa kwenye misheni moja ya Wafaransa pwani akiwa mtoto wa miaka mitano au sita, ametolewa katika msafara wa watumwa. Hakuweza kutembea. Bruda mmoja, mtawa mlimaji wa bustani ya vanila, alimbeba mabegani. Walipofika, mtoto akaulizwa kama anavyoulizwa mtoto yeyote wa pwani: wewe wa nani? Alinyoosha kidole kwa yule aliyembeba. Bruda yule aliitwa Moreau.

Kipi ni kweli, sijui, na Veneranda naye hakujua. Hakuna karatasi ya mambo hayo.

Lakini Noel hakuwa mtu wa kupinga kwa kupinga tu. Alikuwa na binti, Skolastika, aliyechaguliwa chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka kitambulisho cha uraia. Kila alipokwenda kukiomba, karani alilitazama jina. Moreau? Baba yako Mkongo? Wamehamia lini? Mara tatu alirudishwa.

"Mara ya mwisho wamemwimbisha wimbo wa taifa," Noel alituambia katika simu ya pili, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini. "Ameimba beti zote mbili, dada. Mbele ya foleni. Amerudi nyumbani hakula."

Veneranda akashika kichwa. Skolastika alikuwa amezaliwa yeye akiwa tayari huku, alimjua kwa picha na kwa sauti, na kila Krismasi alimtumia kitambaa cha gauni. "Basi nitaweka," akasema. "Mtoto asiteseke. Dada Atheer, nisomee nisaini."

Nikamsomea. Ilikuwa karatasi ya kurasa mbili, imeandikwa na wakili wa mjini kwao, Kiswahili cha sheria kilichonyooka. Sisi tuliotia sahihi hapa chini, Veneranda na Noel, tukiwa ndio watoto pekee walio hai wa marehemu Ildefonce Moreau, kwa hiari yetu tunaapa...

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

"Walio hai."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Suud aliacha kupiga chapa. Veneranda aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja pale ilipokuwa imekunjwa, akairudisha kwenye bahasha ya plastiki. Hakuonyesha hasira. Alisema tu kwamba saa ya kupika imefika, akaenda zake.

Nilielewa alichokuwa anapima, na nadhani hata Suud alielewa. Akisaini, Skolastika anaingia chuo mwaka huohuo. Akisaini, ameapa mbele ya serikali kwamba Winifrida amekufa, na nyumba moja tu yenye jina lile pwani nzima inafungwa. Dada yake akirudi siku moja akauliza kwa akina Moreau, ataambiwa hakuna watu hao.

Ijumaa iliyofuata alimletea mama yangu kofia ya kaka yangu. Mama yangu, Bi Hamdiya, anakaa Khuwair ya Kusini pia, mitaa miwili kutoka pale alipokuwa akipika Veneranda, na walipendana kwa namna ya wanawake wanaopenda kubishana. Mama aliigeuza kofia, akaitazama ndani kwa miwani, akatafuta kasoro, akakosa.

"Wee Moro, hapa umenidhulumu, sina la kusema."

"Tafuta vizuri, Bi Hamdiya, usikose usingizi."

Tukakaa na kahawa. Veneranda alizungusha kikombe, kisha akauliza, "Nyinyi mlipokuja hapa kutoka Unguja, mliulizwa karatasi gani?"

"Karatasi!" Mama akacheka. "Tumetoka na nguo za mwilini, karatasi tuitoe wapi? Baba aliulizwa jina lake. Akataja lake, la babake, la babu yake, akenda hivyo hivyo mpaka akafika kwenye kabila. Palikuwa na mzee kakaa pale na bakora yake, yeye hatujui, sisi hatumjui. Kasikiliza mpaka mwisho, kasema, hawa wetu, babu yao katoka hapa. Khalas. Ndo mpaka leo nna bataka, kitambulisho changu, mfukoni na naitwa raia."

"Na asiyelijua jina la mwisho?"

Mama aliiweka kofia pembeni. "Walikuwapo. Tulikuwa na jirani yetu Unguja, mtu mwema, akitengeneza saa. Ulimwengu mzima ukimwita Fundi Saa, na babake Fundi Saa. Akafika hapa, akaulizwa, akataja mawili, akakwama. Yule mzee akamngojea. Nnauona uso wake mpaka leo, wallahi, alikuwa anataka kumsaidia. Lakini atamsaidia vipi? Hana pa kumshikia."

"Ikawaje?"

"Ikawa kukaa. Miaka. Mtu na watoto wake, hawa si wa huku, hawa si wa kule. Mpaka alipokuja shangazi yake kutoka Mombasa, kikongwe, ndo akalitaja jina. Alikuwa nalo yeye peke yake. Angekufa njiani, basi."

Veneranda aliweka kikombe chini. Hakusema kitu juu ya Noel wala karatasi, na mama yangu hakujua habari hizo mpaka baadaye. Walirudi kwenye kofia, wakabishana juu ya rangi ya uzi.

Kesho yake alimpigia Noel kutoka ofisini kwetu. Nilitaka kutoka nje akanizuia kwa mkono.

"Noel, wewe na watoto wako chukueni jina la baba. Ni jina zuri, sina kinyongo. Lakini mimi sitasaini kwamba tuko wawili."

"Dada, hayo ni maneno ya wakili tu! Tukisema yuko wa tatu hatujui alipo, mambo yanakuwa marefu. Litaombwa tangazo la gazetini, litaombwa hili na lile."

"Yawe marefu."

"Na Skolastika?"

"Skolastika nitamwomba msamaha mwenyewe."

"Dada." Nilimsikia Noel anavuta pumzi. "Miaka karibu thelathini. Hata kama yu hai, huenda yeye mwenyewe amekwisha liacha jina. Ameolewa, amesilimu, anaitwa Maryam, ana wajukuu Waarabu. Utamjuaje?"

"Mimi sitamjua," Veneranda akasema. "Yeye ndiye atakayenijua."

Siku ile tuliandika karatasi mpya, yeye akisema na mimi nikipanga maneno. Mimi, Veneranda Moreau, mtoto wa kwanza kati ya watoto watatu wa marehemu Ildefonce Moreau, sina pingamizi ndugu yangu Noel na kizazi chake kutumia jina la Ildefonce. Mimi nabaki na jina langu. Tulipofika kwa Winifrida nikamuuliza tuandikeje.

"Andika yuko safarini."

"Sheria haijui safari ya miaka thelathini," Suud akasema kutoka mezani kwake, kwa upole.

"Basi ijue leo."

Tukaandika hivyo. Akaenda ubalozini, akaweka sahihi, karatasi ikatumwa.

Sitaki kusema kwamba mambo yalikwenda vizuri. Wakili aliirudisha mara mbili. Tangazo lilitakiwa kweli, na likachukua miezi. Chuo cha uuguzi kilifunga milango Skolastika akiwa bado hana kitambulisho, akapoteza mwaka. Noel hakumpigia simu dada yake tangu mwezi wa tano mpaka wa kumi. Katika miezi hiyo Veneranda alikuwa akija Ruwi hata kama hana nyuzi za kununua, anakaa, anashona, anatazama simu, anaondoka. Mara moja aliniuliza kama mtu anaweza kuwa amefanya haki na dhuluma kwa sahihi moja. Nilimwambia nadhani anaweza. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitishiwa bei ambayo alikwisha kuijua.

Mwezi wa kumi na moja ilikuja picha kwenye simu yake: kitambulisho kipya cha Skolastika Noel Ildefonce. Chini yake msichana alikuwa ameandika kwamba ataanza chuo mwaka unaofuata, kwamba wakati ule anafanya kazi katika duka la dawa na anajifunza mengi, na kwamba baba amesema shangazi asiache kupiga simu, yeye ndiye mkubwa. Veneranda aliitazama picha ile mpaka kioo kikazima. Alikigusa kikawaka tena.

"Amependeza," akasema. Kisha: "Ana paji la uso la Wini. Hilo hawakuweza kulibadilisha."

Katika majira hayohayo bibi wa nyumba aliyokuwa akiipikia alifariki, na watoto wakaigawa nyumba. Walimwambia akae, atapewa chumba kwa mmoja wao. Yeye akaona imetosha. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na vitobo vya kofia alikuwa akivitafuta kwa ncha ya kidole. Nilimuuliza, kwa uoga kidogo, kama ameacha kumtafuta dada yake. Alishangaa.

"Mimi ndiye niliyekuwa nimepotea," alisema. "Nyumba ya baba ina jina letu, na tangu afariki ndani hamna mtu; Noel ana kwake. Akirudi atakuta nini? Namtangulia."

Kwa muda wa mwezi alizunguka kuaga: kwa muuza samaki, kwa Nansubuga, kwa mama yangu, ambaye alilia na kusingizia vitunguu. Alikwenda mwenyewe mpaka Qurayyat kwa basi kumuaga Mama Wini. Kila alipopita aliacha namba ya ofisi yetu, kwa kuwa simu yake ya hapa ingezimwa. Suud aliandika majina mawili, la Veneranda na la Winifrida, kwa hati yake nzuri ya Kiarabu na chini yake kwa herufi za Kilatini, akayabandika juu ya kabati la nakala, mahali anapoweza kuyaona akiwa amekaa. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Veneranda aliondoka Jumapili moja ya mwezi wa kwanza mwaka huu. Alipita ofisini na mizigo yake ikiwa ndani ya teksi, sanduku moja na mfuko wa nyuzi. Suud alimpa mkono, akatafuta mzaha wa kusema, hakuupata. Mimi nilimsindikiza mpaka barabarani. Palikuwa na upepo mzuri, na watu wa Ruwi walikuwa wakipita katikati yetu na mifuko yao, kila mmoja na haraka yake, na nilijua kwamba nitakapolala na kuamka hakutakuwa tena na mtu wa kuniuliza swali lile. Nilimwambia nitaendelea kuangalia kila karatasi inayopita. Alijua nitaangalia. Akaingia kwenye teksi, akateremsha kioo, akanishika kifundo cha mkono.

"Wini akija," akasema, "atakuwa mtu mzima, na atakuwa amechoka. Mpe kiti kwanza. Jina utamuuliza baadaye."